Logibuku iliyoandikwa kwa kalamu moja

Jumatatu iliyopita kijana mmoja wa tarajali, yaani aliyemaliza shahada ya famasia na yuko kwenye mwaka wa mafunzo kazini, aliniletea logibuku yake, daftari la kuandika alichofanya kila siku, nimsainie. Miezi mitatu, kurasa zote zimejaa, mwandiko mzuri uliolalia upande mmoja, wino wa bluu ule ule tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikafungua taratibu. Hakuna doa la chai, hakuna neno lililokatwa, hakuna siku hata moja iliyoandikwa kwa haraka kwa sababu foleni ya dirishani imefika mlangoni. Nikamuuliza, "Hii umeiandika lini?"

Akatazama chini. "Jana usiku, dada."

Nikamrudishia. Sikumfokea, maana ni kijana mchapakazi na wagonjwa wanampenda. Nikamwambia aje Ijumaa na wiki moja tu, wiki hii hii, iliyoandikwa siku kwa siku, na hiyo miezi mitatu tutaizungumza baadaye. Aliondoka kanyong'onyea, na mimi sikupata usingizi mzuri usiku ule.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa nne wananiuliza swali lile lile: "Dada, nikimaliza shahada nasajiliwaje?" Huwa nawajibu kwa vipande vipande kwenye WhatsApp, huyu hiki, yule kile. Leo naandika yote pamoja, pamoja na sababu ya mimi kukataa kusaini kitabu kilichojaa.

Shahada ya famasia kwetu Tanzania ni miaka minne. Siku ya mahafali ukivaa joho, nyumbani watakuita mfamasia na akina mama watapiga vigelegele. Kisheria bado. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka jina lako liwe kwenye rejista ya Baraza la Famasi ndipo uitwe mfamasia na ufanye kazi ya mfamasia. Ili liingie humo, lazima upite mwaka mmoja wa mafunzo tarajali chini ya mfamasia aliyekwisha kusajiliwa. Mwaka huo wote unafanya kazi kwa usajili wa muda: unagusa dawa, unaongea na mgonjwa, lakini kuna mtu mzima nyuma yako anayejibu kwa niaba yako. Kuna mtihani wa Baraza pia, na utaratibu wake unabadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako mwenyewe. Usitegemee kaka aliyekutangulia miaka mitano. Ukimaliza yote hayo ndipo usajili kamili, na baada yake leseni unayoihuisha kila mwaka kwa ada na kwa pointi za mafunzo endelevu.

Sheria hiyo ina madaftari matatu. Wafamasia husajiliwa, mafundi dawa sanifu huandikishwa, na wasaidizi huorodheshwa. Nawasihi wenye shahada msilichukulie hili kama ngazi ya ubora wa watu. Mtu aliyeniokoa mimi mwaka wangu wa tarajali alikuwa kwenye daftari la pili. Nitafika huko.

Mimi nimekulia Songea, nyuma ya kaunta. Mama alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa baridi, na mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza mkoani kwetu Ruvuma, kabla haujasambaa nchi nzima, alikuwa miongoni mwa wauzaji waliokaa darasani wiki kadhaa. Nilikuwa darasa la pili. Alirudi na koti jeupe na daftari kubwa la kuandika kila dawa iliyotoka, kwa nani, kwa ugonjwa gani, kiasi gani. Jioni akifunga duka alikaa kwenye kigoda, taa ya chemli pembeni umeme ukiwa umekatika, anajumlisha. Nikimwambia mama, tule kwanza, utaandika kesho, alikuwa ananijibu kwamba kesho atakuwa amesahau uso wa mtu. Sikuelewa uso wa mtu una uhusiano gani na daftari. Niliuelewa miaka kumi na sita baadaye, nikiwa nimeshika sinia ya kuhesabia vidonge.

Nilipangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, mwishoni mwa mwaka 2019. Nilikuwa nimetoka Muhimbili na alama nzuri na, kusema kweli, na kiburi kidogo. Wiki ya pili waliniweka dirisha la wagonjwa wa nje. Kama hujawahi kusimama dirisha la wagonjwa wa nje siku ya Jumatatu, nikueleze lilivyo. Kioo kina tundu dogo chini, la kupitisha mkono. Nje kuna watu sabini. Wa mbele amebeba mtoto, wa pili yake anagonga kioo kwa sarafu, wa tatu anasema ametoka mbali na gari linaondoka saa nane. Vyeti vinaingia kwa lile tundu vimekunjwa mara nne. Mbele yako kuna sinia ya plastiki na kijiko bapa cha kuhesabia, na mkono unajifunza kusukuma vidonge vitano vitano mpaka unaota navyo.

Kikaja cheti cha mama wa makamo mwenye baridi yabisi. Methotreksati, vidonge vinne vya miligramu 2.5, kila siku, kwa siku thelathini. Nikazidisha kichwani: 120. Nikafungua kopo, nikaanza. Tano, kumi, kumi na tano. Nilikuwa nimefika sabini na kitu niliposikia sauti pembeni yangu.

"Vyote hivyo ni vya nini, mwanangu?"

Alikuwa fundi dawa sanifu, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Hakuwa ameona cheti. Aliona mlima wa vidonge vidogo vya njano kwenye sinia, na macho yake yalijua kwamba dawa ile haitoki kwa wingi ule.

"Methotreksati, mzee. Baridi yabisi."

"Weka kijiko chini."

Nikaweka. Na hapo ndipo damu ilinipanda kichwani, kwa sababu nilikuwa najua. Nilijua vizuri kabisa. Kwa baridi yabisi methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki. Ukimpa mtu kila siku, ndani ya siku chache kinywa kinatoka vidonda, uboho unaacha kutengeneza chembe za damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo katika nchi nyingi. Mwaka wa tatu nililiandika kwenye mtihani na nikapata alama zote. Kichwa kilikuwa nalo, ila halikuwa limeshuka mkononi. Mkono wangu ulikuwa unahesabu tano tano, na nje mtu anagonga kioo kwa sarafu.

Mzee alichukua cheti, akakisoma, akaniambia nimpigie daktari mwenyewe. Nikapiga, sauti inatetemeka. Daktari akanyamaza sekunde chache, kisha akasema asante sana, ni mara moja kwa wiki, kalamu imeteleza. Vikawa vidonge kumi na sita vya wiki nne, pamoja na foliki asidi. Nikamwita mama yule pembeni, tukae benchi, siyo kwenye tundu la kioo. Nikamuuliza siku gani ya wiki hawezi kuisahau. Akasema Jumapili, kwa sababu ya kanisa. Nikaandika kwenye bahasha kwa herufi kubwa: JUMAPILI TU, VIDONGE 4. Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake nilichomwambia. Akarudia. Akaniuliza, "Na Jumatatu nikiumwa sana?" Swali hilo lilinifanya nishukuru kwamba tulikaa. Nikamweleza kwamba hata akiumwa, dawa hii haiongezwi; arudi hospitali.

Alipoondoka, mzee akaniambia, "Sasa nenda kaandike."

Nikasema nitaandika jioni.

"Andika sasa. Jioni utaandika ulivyokuwa hodari."

Logibuku yangu ninayo mpaka leo. Ukurasa wa siku ile una mwandiko mbovu kuliko zote. Nimeandika jina la dawa, kiasi, nilichotaka kutoa, nani aliniona, daktari alisema nini, saa ngapi. Chini nimeandika swali: kwa nini sikuona? Msimamizi wangu, mfamasia mfawidhi, aliposoma hakunisema. Aliita kikao cha idara, tukatenga kabati la dawa za hatari, methotreksati, digoksini, wafarini, na kopo la methotreksati likabandikwa karatasi nyekundu: MARA MOJA KWA WIKI. MPIGIE DAKTARI. Karatasi ile ilitokana na ukurasa mmoja wenye mwandiko mbovu. Ningeujaza baada ya miezi mitatu, usiku mmoja, kwa kalamu moja, ningeandika: "Nilishiriki kutoa dawa kwa wagonjwa wa nje." Ndivyo alivyoandika kijana wangu, siku kumi na mbili mfululizo.

Basi, mwaka wenyewe unavyokwenda. Unazungushwa: stoo kuu, dirisha la nje, dirisha la wodi, raundi za wodini na madaktari, CTC yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, chumba cha kutengenezea dawa. Kuna waliopata nafasi ya kuona kiwanda au kazi ya udhibiti. Mwaka wangu wa kuhitimu, 2019, ndio mamlaka ya udhibiti wa dawa, TFDA, ilikuwa imegeuka kuwa TMDA, na sisi tulikuwa bado tunachanganya majina kwenye barua. Kila mahali pana fundisho lake, lakini sitayapitia yote.

CTC lazima niitaje. Mwaka huo huo dolutegraviri, dawa ya VVU, ndiyo ilikuwa inaingia kwa wingi, ile ya kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu. Mgonjwa akiwa na kifua kikuu pia, anameza rifampisini, na rifampisini inaifanya dolutegraviri iondoke mwilini haraka, kwa hiyo anaongezewa kidonge kingine cha miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Rahisi kwenye slaidi. Sasa mweleze baba anayelala gereji, asiyetaka wenzake wajue, kwamba atameza kidonge asubuhi na kingine usiku, na kwamba mkojo wake utageuka rangi ya chungwa asiogope. Niliandika kurasa tatu kuhusu baba yule, namna alivyoamua kuweka kidonge cha usiku ndani ya mfuko wa spana. Hakuna mhadhara uliowahi kunifundisha mfuko wa spana.

Na chumba cha kutengenezea dawa. Machi 2020 korona ilipotangazwa nchini, vitakasa mikono vilitoweka madukani kwa siku chache. Mfawidhi akasema tutatengeneza wenyewe kwa mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, halafu unajaza maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka lita 10. Nikapewa kazi ya kupima. Pipa la ethanoli limeandikwa 96. Nikashika ndoo nianze, mfawidhi akanizuia mkono: "Umeipima?" Nikaona ananichelewesha. Tukatumbukiza kipimo cha nguvu ya pombe, kikasimama kwenye 90. Nani aliyeibadilisha njiani, sikujua na sitabuni. Ikabidi nikae nipige hesabu upya: lengo ni asilimia 80, yaani mililita 8,000 za ethanoli tupu ndani ya lita 10, ukigawa kwa 0.90 unapata 8,889. Tukapima hiyo. Tukafunga chupa, tukaziweka kando saa 72 ili peroksaidi iue vijidudu sugu vilivyobaki kwenye chupa, ndipo zikaenda wodini. Usiku ule niliandika mistari miwili tu kwenye logibuku, na namba hizo. Naweza kukutajia mpaka leo bila kuangalia.

Sasa karatasi, maana najua wengine mmeshuka moja kwa moja mpaka hapa.

Anza na majina, mdogo wangu, anza na majina. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, cha kidato cha nne matatu, na cha kidato cha sita jina la babu lilikuwa na "r" mahali pa "l". Nililigundua hilo nikiwa tayari naomba usajili. Nikamtafuta wakili, nikala kiapo cha majina, nikarudi kuskani upya, na wiki tatu zikapotea wakati wenzangu wamekwisha kupokelewa. Weka vyeti vyote mezani leo, ukiwa bado mwaka wa tatu, usome herufi moja moja.

Maombi siku hizi hufanywa mtandaoni, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo. Tunza kila risiti kwenye simu na nakala kwenye barua pepe, maana simu huibiwa. Vyeti vya shule, shahada na orodha ya alama, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, barua ya kumaliza mafunzo kutoka hospitalini, logibuku yenye saini. Ada hubadilika, kwa hiyo sitaji kiasi. Angalia tangazo la Baraza lenyewe. Aliyesoma famasia nje ya nchi apitie kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada yake itambuliwe, na asisubiri arudi ndipo aanze. Na barua ya kumaliza mafunzo iombe kabla wiki yako ya mwisho haijafika. Msimamizi akihamishwa, utamfuata mkoa mwingine na bahasha mkononi. Nimemwona mtu akisafiri siku mbili kwa ajili ya saini moja.

Kuhusu hela nitasema neno moja. Miezi ya mwanzo ya tarajali usitegemee posho itaingia tarehe unayoifikiria. Kama unaweza, anza na akiba ya kodi na nauli. Mimi nilikula maharage ya mama niliyotumiwa kwenye basi.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma. Wiki ileile jina langu lilipoingia kwenye rejista nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, mwenye famasi katika mkoa ambao sijawahi kufika. Famasi haiwezi kuruhusiwa kufanya kazi bila mfamasia msimamizi. Alichotaka ni cheti changu kitundikwe ukutani kwake, na kila mwezi atanitumia pesa. Mimi nibaki nilipo. Nilikuwa sina kazi, kodi inadaiwa. Nikamuuliza dirishani atakaa nani. Akasema, "Kuna binti, ni mzoefu." Nikamwona yule mama wa baridi yabisi amesimama mbele ya binti huyo, cheti kimekunjwa mara nne, na ukutani nyuma yake limetundikwa jina langu kwenye fremu. Nilikata simu. Mnaokodisha vyeti mnasema kila mtu anafanya. Nawaomba mwende siku moja tu, mkakae kwenye benchi la famasi ambayo jina lenu liko ukutani, mtazame kinachotoka kwenye lile dirisha.

Ijumaa kijana alikuja, saa tisa alasiri. Aliniwekea logibuku mezani bila kusema neno. Jumatatu: mistari minne, mmoja umekatwa. Jumanne: mama mjamzito aliuliza kama ameze dawa ya kuongeza damu pamoja na chai, nikamwambia ndiyo, halafu nikakumbuka siyo, nikamkimbilia getini. Jumatano kuna alama ya kikombe. Alhamisi wino mweusi. Ijumaa, yaani siku hiyo hiyo: "Stoo. Oksitosini. Leja inasema 240. Kwenye friji nimehesabu mara tatu, ni 236. Joto la friji asubuhi nyuzi 5. Nne sijui ziko wapi."

"Umemwambia nani?"

"Bado, dada. Niliogopa utafikiri nimezichukua."

Nikasimama, tukaenda stoo wote. Tukahesabu tena, 236. Tukapitia hati za kutolea dawa za wiki nzima, moja moja, tumekaa sakafuni. Tukaenda labour, wodi ya kujifungulia, ambako sindano hiyo hutumika kuzuia damu. Muuguzi wa zamu akavuta droo, akatoa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa penseli: oksitosini 4, usiku wa kuamkia Alhamisi, mama alikuwa anatoka damu nyingi, mwenye funguo za stoo aliamshwa na hakuna aliyejaza hati. Mama na mtoto walikuwa wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani.

Tulijaza hati. Kijana akaandika chini ya ukurasa wake zilipopatikana na saa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Nikamwomba kalamu, ile nyeusi, nikasaini.